Kababu za kujaza yai zinapasuka kila ninapozioka: kosa langu liko wapi?

Mama Wawili, Chake Chake

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naomba mnisikilize hadi mwisho kabla ya kunicheka. Kwetu kababu za kujaza yai, wengine huziita egichopu, zimekuwa zikikaangwa tangu nipate akili. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akizitumbukiza katika karai la mafuta yanayochemka, na sikumbuki hata siku moja kuona kababu yake ikifunguka. Sasa mume wangu ameshauriwa na daktari apunguze vyakula vya kukaanga, nami nimepata oveni ndogo ya umeme ya kuweka mezani, kwa hiyo nimeamua kwamba futari ya mwaka huu kababu zitaokwa. Nimejaribu mara tatu na mara zote tatu nimeharibu.

Mara ya kwanza nilichukua kilo 1 ya kima, na nilimwomba muuza nyama asiache hata chembe ya mafuta ndani yake. Nilisaga vitunguu maji 3 kwa blenda pamoja na thomu na tangawizi, nikatia kotmiri, pilipili manga, uzile wa kusaga na maji ya ndimu 1, kisha nikafunika mayai 8 ya kuchemsha na kuyatia katika oveni kwa nyuzi 180 muda wa dakika 45. Chumvi nilinyunyiza mwisho, wakati wa kuviringa. Zilipotoka zote zilikuwa zimechanika, na mayai yalikuwa yakichungulia kama vifaranga vinavyotaka kutoka katika ganda. Mara ya pili niliongeza mayai mabichi 2 na unga wa ngano kikombe kizima. Hazikupasuka, lakini mwanangu wa kiume aliidundisha moja mezani nayo ikadunda. Mara ya tatu nilikumbuka kwamba wachoma mishkaki hutumia papai bichi kulainisha nyama, nikalisaga kipande na kulichanganya na kima usiku kucha. Asubuhi nilikuta rojo, na ndani ya oveni kababu zilitandaa kwenye trei, kila yai likabaki peke yake katikati ya chapati ya nyama.

Naomba anayejua anieleze ninakosea wapi, na kama kweli kababu ya kujaza inaweza kuokwa ikatoka nzima na laini.

Bi Mkubwa wa Mkunazini

Waalaykumu ssalaam mwanangu. Inaweza, na mimi nimekuwa nikizioka tangu miguu iliponikatalia kusimama mbele ya karai. Sikucheka, ila pale palipodundishwa kababu nilitabasamu kidogo.

Kosa lako la kwanza ni kitunguu. Kitunguu kilichosagwa kwa blenda ni maji matupu, na vitunguu 3 vya namna hiyo katika kilo 1 ya kima ni sawa na kumimina kikombe cha maji ndani ya nyama. Katika mafuta ya moto hilo huweza kupita, kwa sababu ngozi ya kababu hukauka na kuwa ngumu kwa dakika moja, ikawa ni ganda linalozuia kila kitu ndani. Oveni haina haraka hiyo. Nyama hukaa muda mrefu ikiwa bado mbichi na laini, maji yanageuka mvuke, na mvuke hutafuta pa kutokea. Katakata kitunguu kimoja kidogo kidogo kwa kisu, au kikune, ukinyunyizie chumvi kidogo, ukiache robo saa, kisha ukikamue ndani ya kitambaa safi kama unavyokamua tui, mpaka kisidondoshe tena. Vingine 2 vikaange kwa mafuta kijiko kimoja mpaka viwe vya rangi ya dhahabu, uviache vipoe kabisa, ndipo uvichanganye. Hivyo utapata ladha ya vitunguu vyote 3 bila maji yake.

La pili ni chumvi, na hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujijua. Chumvi haitiwi mwisho. Hutiwa mwanzo, ndani ya kima iliyo baridi, kabla hata ya bizari, kisha kima hukandwa kwa mkono kama unga wa maandazi kwa dakika 5 au 6, mpaka uone imebadilika: inanata kwenye vidole, inavutika, na ukiichota kwa kiganja na kukipindua chini haidondoki. Hiyo ndiyo gundi ya kababu. Mama yako huenda alikuwa akiikanda hivyo bila kusema, nawe ukadhani anachanganya tu. Kwa kilo 1 mimi hutia vijiko 2 vya chai vilivyosawazishwa.

Badala ya unga wa ngano tumia boflo. Nusu ya boflo la jana, utoe ganda, ulowanishe katika maziwa kiasi cha kulainika, ulikamue kidogo, ulivuruge mpaka liwe kama uji mzito, ndipo ulitie baada ya kukanda. Boflo hushika unyevu wa nyama, kwa hiyo kababu hubaki laini hata ikipoa. Yai bichi usitie, au likikushinda tia moja tu, kwani ukizidisha ndipo unapopata mpira wa kuchezea. Ndimu iweke mezani, ikamuliwe wakati wa kula. Ukiitia mapema katika kima, ukali wake huifanya nyama ikauke na kumung'unyika.

Kuhusu kujaza: chemsha mayai kwa dakika 9, uyatie katika maji baridi mara moja ili kiini kisizungukwe na ile rangi ya kijani, uyamenye na kuyafuta yakauke. Mayai yaliyotagwa jana au juzi hayamenyeki vizuri, ni bora yawe yamekaa wiki. Yaviringe katika unga mkavu kidogo, uyakung'ute. Watu wengi huruka hatua hii kisha hulalamika, maana yai limeteleza kama sabuni na nyama haina pa kulishika. Tandaza kima kwenye kiganja chenye maji au mafuta kidogo, unene wa kidole kidogo cha mkono, weka yai katikati, fumba, kisha uviringe polepole mpaka usione tena mahali ulipofungia.

Mpishi wa Kaskazini, Nungwi

Dada Mama Wawili, Bi Mkubwa amemaliza sehemu kubwa, nami ninamshukuru kwa sababu hilo la chumvi wengi tulifundishwa jikoni kwa kukaripiwa. Niruhusu niongeze sababu zake, kwa kuwa ukiielewa sababu unaweza kujirekebisha hata nyama au oveni ikibadilika.

Nyama inapopata moto husinyaa. Kuanzia nyuzi 60 hivi nyuzinyuzi zake hujikunja na kukamua maji nje, na kima huweza kupoteza hata robo ya uzito wake kabla haijaiva. Yai lililokwisha kuiva halisinyai. Kwa hiyo una kitu kinachopungua kikiwa kimezunguka kitu kisichopungua, na mahali penye udhaifu, yaani pale ulipofungia au pale ambapo nyama ni nyembamba, patafunguka tu. Unachoweza kufanya ni mambo mawili: kupunguza kusinyaa na kuimarisha ukuta. Boflo la Bi Mkubwa hupunguza kusinyaa. Chumvi na kukanda huimarisha ukuta, kwa sababu chumvi huyeyusha protini za nyama zinazonata, nazo zikipata moto huganda na kushikamanisha chembe za kima.

Hapo pia ndipo papai lilipokuharibia. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kinachokatakata protini. Katika kipande cha mshikaki kinachokaa nusu saa hilo ni jambo jema, kwa kuwa kinagusa zaidi juu ya nyama. Katika kima iliyosagwa hakuna juu wala ndani, papai linafika kila mahali, na ukiliacha usiku kucha linakula ile ile gundi unayoihitaji. Usilirudie katika kababu.

Jambo ambalo halijasemwa ni mafuta ya nyama. Ulimwambia muuza nyama ayaondoe yote, na ninaelewa kwa nini, lakini kababu ya kuoka haina mafuta ya nje ya kuisaidia. Mwambie akuachie kiasi cha sehemu moja kati ya tano au sita. Usihofu juu ya mgonjwa wako: weka kababu juu ya wavu wa waya, na trei chini yake, na mafuta mengi yatadondoka yenyewe. Utayaona kwenye trei na utashangaa. Kababu iliyokaa moja kwa moja kwenye trei huchemka katika maji na mafuta yake yenyewe, ikashika chini, na unapoibandua inachanika hata kama ilikuwa imetoka salama.

Sasa moto. Nyuzi 180 kwa dakika 45 ni moto mdogo kwa muda mrefu, yaani kukausha. Washa oveni mapema, dakika 15 kabla, iwe nyuzi 200 au 210. Kababu ziwe zimekaa katika friji nusu saa baada ya kuviringwa, ili mafuta yagande na umbo lishike. Zipake mafuta kidogo kwa brashi au kwa kidole, kwa maana ngozi iliyo kavu na yenye mafuta hubadilika rangi vizuri, ilhali ngozi yenye maji hubaki ya kijivu. Ukuta wa nyama wa unene wa kidole kidogo huiva kwa dakika 22 hadi 25, nawe uzigeuze mara moja katikati. Oveni ndogo za mezani zina koili karibu sana na chakula, basi ukiona juu zinaungua kabla ya wakati, teremsha wavu au zifunike kwa karatasi ya foili.

Ukiweza, nunua kipimajoto cha kuchomeka. Kima si kama kipande kizima cha nyama: vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama husambazwa ndani wakati wa kusaga, kwa hiyo haifai kuliwa ikiwa nyekundu katikati. Chomeka ncha ndani ya nyama, usiguse yai, na ikisoma nyuzi 71 kababu imeiva. Huna haja ya kusubiri zaidi, kwani kila dakika ya ziada ni ukavu.

Wahindi wana kababu kama hizi, huziita nargisi kofta, kwa kuwa ukizikata katikati nyeupe na manjano ya yai hufanana na ua la nargisi. Watu wa Shamu nao wana kibe ya sinia, ambayo haifungwi hata kidogo: hutandaza tabaka la nyama iliyochanganywa na ngano iliyovunjwa, juu yake kima ya kukaanga na vitunguu, kisha tabaka jingine, wakakata kwa kisu na kuoka. Siku utakayochoka kuviringa, jaribu hiyo.

Mwana wa Wete

Nawasalimu wakubwa wangu. Ninasoma haya yote nikiwa sina oveni wala kipimajoto, na nadhani wapo wengi kama mimi, basi niwaambie kwamba kababu hizi hutoka vizuri kwa makaa, kama unavyopika mkate wa kumimina. Mimi hutumia sufuria pana lenye chini nzito. Huweka ndani yake mawe madogo safi matatu, juu yake kisahani cha bati nilichokitoboa, na kababu juu ya kisahani, ili mafuta yadondoke chini kama alivyoeleza kaka Mpishi. Sufuria hufunikwa kwa mfuniko bapa wa bati na makaa huwekwa juu yake.

Siri ni kugawa makaa. Chini yawe machache, karibu theluthi, na juu theluthi mbili, la sivyo chini itaungua na juu itabaki nyeupe. Lipashe moto sufuria likiwa tupu kwanza. Nusu saa inatosha, nami hufunua mara moja tu kuzigeuza, kwa kuwa kila ukifunua unatoa joto lote na jivu huangukia chakulani usipoangalia. Harufu ya makaa kidogo inayoingia ndani, oveni ya umeme haiwezi kuileta, na hapo sitabishana na mtu.

Nina tofauti moja na Bi Mkubwa, kwa heshima zote. Kwetu hatutumii boflo, tunatumia unga wa dengu uliokaangwa kavu kwenye kikaango mpaka unukie. Vijiko 3 vya kulia chakula kwa kilo 1. Unashika maji yaliyobaki na unatia ladha, ilhali boflo halina ladha yoyote.

Bi Mkubwa wa Mkunazini

Mwana wa Wete, dengu ninaikubali, nayo ni nzuri kwa kababu ndogo zile za kutia katika urojo, ambazo zinatakiwa ziwe ngumu kidogo zisimeng'enyeke kwenye mchuzi. Kwa kababu kubwa yenye yai ndani, mimi naona inakausha. Anayetaka na ajaribu zote mbili siku moja, nusu kwa nusu. Na kwamba boflo halina ladha, ndiyo sababu ninalipenda: linaiachia nyama iseme.

Mama Wawili, Chake Chake

Nimerudi, na nimerudi na habari. Jana nilifuata maneno yenu: kima yenye mafuta kidogo, chumvi mwanzo, nikakanda mpaka mkono ukauma, vitunguu vya kukaanga na kimoja cha kukamua, nusu ya boflo. Nilifanya mayai 8. Zilitoka 6 nzima kabisa, zenye rangi nzuri, laini hata zilipopoa, na mume wangu alikula 2 bila kusema neno, jambo ambalo kwake ni sifa kubwa. Trei ilikuwa na mafuta na maji karibu nusu kikombe, kwa hiyo kaka Mpishi hukukosea kuhusu wavu.

Mbili zilifunguka, zote juu, pale nilipofungia. Nadhani zilikuwa za mwisho na mikono yangu ilikuwa imechoka, lakini naomba mniambie kama kuna namna ya kuziweka. Swali jingine ni hili: mwezi wa Ramadhani ninatoka kazini saa 10 za jioni na sitapata muda wa kuviringa kila siku. Je, naweza kuziviringa nyingi na kuziweka katika friza?

Mpishi wa Kaskazini, Nungwi

Hongera dada, 6 kati ya 8 kwa jaribio la nne ni kazi nzuri. Mahali ulipofungia pawe chini, papumzike juu ya wavu, ili uzito wa kababu yenyewe upabane. Wewe ulipaweka juu, na juu ndipo panapokauka na kuvutika mapema zaidi. Na wakati wa kufunga, usivute nyama kutoka upande mmoja kuja upande mwingine, kwa kuwa ukipavuta panakuwa pembamba. Chota kipande kidogo cha kima, ukiweke kama kiraka, kisha uviringe. Hakikisha pia hakuna hewa iliyobaki kati ya yai na nyama.

Kuhusu friza, kababu zenye yai la kuchemsha usizigandishe. Ute wa yai lililoiva ukiganda kisha ukayeyuka huwa mgumu kama mpira na kutoa maji, na maji hayo yatakurudisha kwenye shida uliyoanza nayo. Za mayai viringa usiku, ziweke katika friji, na uzioke kesho yake jioni.

Za friza zijaze kitu kingine. Kimoja ninachokipenda ni viazi mbatata vilivyochemshwa na kupondwa vikiwa vikavu, vikachanganywa na kotmiri, pilipili mbichi na ndimu kidogo, mfano wa ndani ya kachori. Vitunguu vilivyokaangwa sana pamoja na zabibu kavu na korosho za kuponda pia ni vizuri. Jibini inafaa, ila uikate vipande vidogo na kuvigandisha kwanza, ili nyama ishike kabla jibini haijayeyuka na kukimbia. Kijazo kisizidi ujazo wa ndimu ndogo. Zipange katika trei zisigusane, zigande, kisha uzikusanye katika mfuko. Siku ya kupika zihamishe kutoka friza kwenda friji tangu usiku wa daku, usiziache mezani mchana kutwa katika joto hili letu, na ukifika nyumbani uwashe oveni kwanza, ndipo uvue baibui.

Bi Mkubwa wa Mkunazini

Kwa hizo za viazi, mwanangu, usisahau chatini ya nazi, iwe na pilipili na ndimu ya kutosha. Na zile mbili zilizofunguka, zikatekate na uzikaange kidogo na nyanya, zitakuwa mchuzi mzuri wa kulia chapati wakati wa daku.